Sanda Yenye Pindo la Dhahabu

Mama yangu anazijua nguo za Kihindi kuliko wauza nguo wengi wa Ibra, hapa Oman, na nalisema hili mwanzo kwa sababu kosa lililotupata halikutokana na ujinga. Mjinga angepokea nguo, angesema ahsante, angeivaa, na mimi ningelala usingizi wangu majuma yale mawili.

Alizaliwa Unguja mjini, kabla watu wetu hawajarudi huku, katika nyumba iliyobanwa na Wahindi huku na huku. Upande mmoja walikuwa watu wa Kachi, upande wa pili Banyani wa Gujarati. Utoto wake aliumaliza kwenye milango yao. Ukimkuta ana nafasi atakueleza namna wanawake wa Kachi walivyokuwa wakikifunga kitambaa vifundo vidogo vidogo kwa uzi kabla ya kukitia rangi, na vifundo vikifunguliwa kinabaki na vidoa kama mchele uliomwagika. Atakueleza sari ya bi arusi wa Kigujarati, nyekundu yenye miraba ya zari, na bangili za pembe zilizopanda mkononi hadi kwenye kiwiko, na hazama ya puani yenye mnyororo unaokwenda kushikizwa kwenye nywele. Na atakueleza, kwa sauti ya chini, habari ya yule bibi wa Kibanyani wa nyumba ya jirani. Alipofiwa na mumewe alivuliwa bangili zote, akavishwa sari nyeupe tupu, na hakuonekana tena na rangi nyingine mpaka naye akaondoka duniani.

"Kwao wao nyeupe si nguo," mama husema. "Nyeupe ni habari."

Na sisi wenyewe nyeupe tunaijua. Wanaume wetu wanavaa kanzu nyeupe kila siku, hilo si neno, lakini kitambaa cheupe kisichoshonwa, kilichokunjwa, akipewa mwanamke mzima mkononi, hakihitaji maelezo. Basi mama alikuwa na sababu mbili za kuogopa nyeupe, na zote mbili alizijua vizuri sana.

Mwaka juzi, joto lilipokuwa linaelekea kupungua, alitokwa na uvimbe shingoni. Ulikuwa mdogo, kama kokwa ya tende, na yeye aliuficha chini ya mtandio mpaka nilipouona siku moja akitawadha. Nikamgombeza. Mimi ni mtu wa kugomba, sikatai. Nikiogopa hugomba kwanza, kisha ndio naogopa. Ibra walitutuma Nizwa, hospitali. Huko wakakata kipande kidogo, wakashona, wakatuambia turudi baada ya majuma matatu kupata jawabu. Kufungwa kidonda tungefungwa huku huku Ibra, kwenye kituo cha afya.

Huko ndiko tulikompata sista, muuguzi wa kufunga vidonda. Alikuwa mwanamke wa Kerala, umri kama wangu, mwembamba, na amekaa Oman miaka mingi kuliko baadhi ya majengo yetu. Siku ya kwanza mama alifurahi kupata Mhindi wa kuzungumza naye, akamfungulia Kihindi chake chote alichokitoa Unguja. Sista akamtazama tu.

"Mhindi gani huyu hajui Kihindi?" mama akaniuliza, tena mbele yake.

Nikamweleza kwamba India ni kubwa, na watu wa Kerala wana lugha yao, na chakula chao, na mambo yao. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Sasa najua hakusikia. Kwa mama, India ilikuwa ile mitaa miwili ya jirani zake, na aliyetoka nje ya hapo alikuwa amepotea njia tu. Wakabaki wanazungumza Kiarabu, mama kwa Kiarabu cha Ibra na sista kwa Kiarabu cha hospitali, chenye maneno machache yaliyochoka kwa kutumika. Lakini walipendana. Mama akawa anamwita "binti yangu", na sista akawa anamfunga kidonda taratibu kuliko alivyowafunga wengine. Ikafika siku mama ananiambia niharakishe gari, tusije tukamkuta mtu mwingine.

Jawabu lilipobakia majuma mawili, sista alimpa mama kifurushi. Mimi sikuwapo chumbani. Nilitoka kwenda kuliondoa gari, nimeliweka vibaya na mtu ananipigia honi. Niliporudi nikamkuta mama amekaa kwenye benchi la nje, kifurushi cha karatasi ya kaki kimelala mapajani mwake, na hasemi.

"Nini hicho?"

"Kanipa sista. Anasafiri kesho, likizo."

"Mwungwana yule," nikasema, nikamfungulia mlango wa gari. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nawaza kazi yangu ofisini, mezani nimeacha majalada, na nikadhani mama amechoka na jua.

Siku tatu baadaye akaniita chumbani kwake, akanikalisha kitandani, akanivisha mkononi kikuku chake cha fedha. Kikuku kile kina historia. Kilifuliwa na sonara wa Kachi huko Unguja, kizito, chenye miba midogo ya duara pembeni, na tangu udogo wetu mimi na mdogo wangu tumekuwa tukigombania nani atakirithi. Mama alikuwa akitutisha nacho: mkigombana, nampa jirani. Sasa akanivisha bila kuchekesha.

"Kaa nacho," akasema.

Nilifurahi. Naona haya kuandika hivi, lakini nilifurahi kwanza. Nikaenda jikoni nikakipiga picha, nikampelekea mdogo wangu, ambaye ameolewa Sur, kule Aija ng'ambo ya daraja. Akanijibu kwamba naye juzi kaletewa ule mkufu wa vidani vya dhahabu, mama kautuma kwa jamaa aliyekuwa akienda Sur kwa gari, umefungwa ndani ya leso. Tukapigiana simu. Tukaulizana mama ana nini.

Siku ya Jumatano nikaenda kwenye soko la wanawake. Hapa kwetu Ibra Jumatano asubuhi soko ni la wanawake watupu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akipita anapita mbali. Kuna mwanamke anayeuza udi, mafuta na vitu vya bi arusi, mtoto wa watu waliorudi kutoka Pemba, ananijua tangu skuli. Nikamwamkia, naye badala ya kunijibu akanishika mkono.

"Kuna nini kwenu? Wiki iliyopita mama yako kaja na jirani yenu. Kachukua bafta nyeupe vipande vitatu, na karafuu maiti. Nikamuuliza nani kafa, hakunijibu."

Sikumbuki niliendeshaje gari. Nakumbuka nilipoingia nyumbani niliita kwa sauti ambayo mtu hamwitii mama yake. Alikuwa chumbani, ameketi kwenye mkeka, miwani puani, mkasi mkononi. Mbele yake palitandazwa vitambaa viwili vya pamba, vyeupe vya maziwa, virefu. Kimoja kilikuwa na pindo la nyuzi za dhahabu upana wa vidole viwili. Cha pili kilikuwa nalo vilevile, ila mama alikuwa amekwisha kulikata, na utepe wa dhahabu umejikunja pembeni mwa goti lake.

"Unafanya nini?"

"Natoa dhahabu," akasema. "Mtu hazikwi na dhahabu."

Nikakaa chini. Kugomba kukanitoka kote. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mtu mgonjwa, mgonjwa akiwa mimi. Sista alifunga mlango, akampa kifurushi. Akamwambia maneno mawili matatu ambayo mama hakuyashika, ila aliona macho. Macho yalijaa machozi. Akamkumbatia, akambusu kwenye paji la uso, akatoka mbio. Mama akafungua karatasi pale kwenye benchi, akaona nyeupe.

"Wale wana kompyuta," akasema. "Jawabu limekwisha fika, analijua. Hakuweza kulitamka, masikini. Basi kaniletea sanda. Mtu wa dini nyingine, lakini kaniangalia kuliko watu wangu."

"Mama, hii ina dhahabu. Nani anatengeneza sanda ya dhahabu?"

"Wao hawajui kwamba sisi hatuzikwi nayo. Ndio naitoa." Akanyoosha kitambaa. "Kanipa viwili. Mwanamke huzikwa na vitano. Vitatu nimekwisha nunua mwenyewe."

Nitasema kweli: ningecheka, kama si ule ukimya wake. Mama yangu ana kelele. Hupika kwa kelele, husali kwa sauti, huzungumza na redio. Sasa alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo na anasubiri gari. Na niligundua kitu kingine siku ile: vidonge vyake vya sukari vilikuwa kwenye kopo vile vile, havijaguswa tangu siku ya kifurushi. Nilipouliza aliniambia vina faida gani. Na habari ya kurudi Nizwa alikuwa amekwisha kuikata. Jawabu analo, akasema, na safari ya saa mbili na joto hili ataifuata nini?

Nikaenda kituo cha afya. Sista yuko kwao, wakaniambia, anarudi mwezi ujao, na simu ya huko hawana. Jawabu la Nizwa linatoka Nizwa, hapa hakuna anayelijua. Nikampelekea mama maneno hayo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama vile nimedanganywa.

Nikafanya jambo jingine ambalo kama ningelifanya kwa akili lingetuokoa. Nilikichukua kitambaa kimoja kwa kisingizio cha kukipeleka kupindwa, nikaenda nacho kwa fundi wangu wa kushona. Fundi ni Mhindi, nikajisemea, ataniambia nguo hii ni ya nini. Lakini fundi wangu ni mtu wa Rajasthani, na kitambaa nilichochukua ndicho kile kilichokwisha kukatwa pindo. Akakigusa, akakikunjua kidogo, akakirudisha juu ya meza kwa mikono miwili.

"Nyeupe tupu," akasema. "Nani amefiwa?"

Nilikaa garini nje ya duka lake, mashine ya baridi inavuma, nikalia. Mpaka hapo nilikuwa namtetea mama dhidi ya mawazo yake. Kuanzia hapo nikaamini kama yeye. Fundi hajui kisa chetu, kituo cha afya hawana la kuniambia, na mwanamke mwenye machozi alikuwa amempa mama yangu nguo ya msiba. Niliyajumlisha yote na sikupata njia ya kuyatoa.

Siku ya jawabu ilipofika nilimwambia mama neno moja tu. Nilimwambia kwamba kama hatakwenda kwa ajili yake, aende kwa ajili yangu, kwa sababu mimi siwezi kukaa nikisubiri kitu ambacho hakuna aliyenitamkia. Akanitazama. Akavaa. Nikamwona anapakia mkoba: tasbihi, chupa ya maji ya zamzamu, kile kitambaa chenye pindo na kile kisicho na pindo, na karafuu maiti katika karatasi.

"Hivyo vya nini?"

"Nizwa mbali," akasema. "Huenda nisirudi nikiwa nimekaa kitako."

Njia nzima gari lilinukia karafuu maiti. Tuliyafungua madirisha tukaingiza joto, tukayafunga tukabaki na harufu. Mama alitazama milima. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, kikuku chake kinagonga gonga, na kila kikigonga nilitaka kukivua nikitupe.

Tulifika kama saa nne asubuhi. Nikaliweka gari mbali, chini ya kivuli cha mabati, tukatembea polepole kwenda kwenye mlango mkubwa. Nilikuwa nimemshika mama kwapani. Kabla ya kufika mlangoni akasimama ghafla, akanibana mkono mpaka ukaniuma.

Penye ngazi walisimama wanawake kama kumi. Walikuwa wamevaa sanda yake. Nyeupe ile ile ya maziwa, pindo lile lile la dhahabu likiteremka mbele, na blauzi za kijani, za buluu, nyekundu. Kichwani, kwenye visogo, walikuwa wamefunga mashada ya asumini mbichi. Shingoni wana mikufu ya vidani vya dhahabu vilivyopangwa kama magamba ya samaki, masikioni herini zinazoning'inia kama vikengele. Na walikuwa wanacheka. Mmoja ameshika simu mkono juu, anawapiga picha, na wengine wanasukumana nani asimame mbele.

Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Wote hawa," akaniuliza kwa sauti ndogo, "wamepewa jawabu?"

Basi hasira zangu zote za majuma mawili zikapata pa kwenda. Nikamwacha mama pale pale, nikawaendea wale wanawake, nikawauliza kwa Kiarabu, bila hata salamu: "Nyinyi mmevaa nini?"

Mwenye simu akaishusha. Nadhani walidhani mimi ni mkubwa fulani wa ofisi nimekuja kuwagombeza kwa nguo zao. Mmoja, mnene, mwenye uso wa bashasha, akanijibu kwa upole kwamba wao ni masista, wametoka zamu, leo ni sikukuu kwao Kerala, sikukuu ya mavuno, na nguo hii ndiyo nguo ya siku yenyewe. Watapiga picha wapeleke nyumbani, kisha watakwenda kula.

"Sikukuu?" nikasema. "Si msiba?"

"Msiba?" Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Mama alikuwa amekwisha kufika kwa miguu yake mwenyewe. Akafungua mkoba, akakitoa kitambaa chenye pindo, akakinyoosha kwa mikono yote miwili kumwonyesha yule mnene. Yule mwanamke akapiga ukelele wa furaha. Akakichukua, akakiweka puani, akafumba macho.

"Kafuri!" akasema, maana karafuu maiti ndiyo kafuri. "Kama nyumbani asubuhi, watu wanasali. Nani kakupa, Mama?"

"Sista wa Ibra."

"Basi anakupenda sana. Siku hii unampa nguo mpya mtu wako wa nyumbani."

Akauliza kiko wapi cha pili, maana huenda viwili viwili. Mama akakitoa, kimekatwa, kimekunjamana. Yule mwanamke akakigeuza huku, akakigeuza huku, akauliza pindo liko wapi. Mama akatazama juu, kwenye dari ya baraza ya mlangoni, kana kwamba huenda liko huko. Sikumsaidia. Ilikuwa haki yake.

Kisha wakamvalisha. Hawakuuliza ruhusa, na yeye hakukataa. Kimoja wakakizungusha kiunoni juu ya kanzu yake, cha pili wakakipitisha begani. Mama akasimama akijitazama chini. Halafu akakishika kile cha begani kwa mkono wake, akakipandisha kichwani, akakifunika na kukibana kidevuni, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

"Hee," akaniambia. "Hii doti. Kimoja cha kujifunga, kimoja cha kujitanda. Hii doti ya kanga, mwanangu, ila haina maandishi!"

Alikaa nayo majuma mawili, ameigeuza, ameikunja, ameitia mkasi, mtu aliyevaa kanga maisha yake yote, na hakuiona kwamba ni doti. Woga ulimfumba macho. Na mimi pia, ambaye nina doti zisizo na idadi kabatini.

Mmoja wao akachomoa asumini katika shada lake akampa mama. Mama akainusa kwa muda mrefu, akaitia ndani ya mtandio, upande wa sikio. Akaniambia kwamba Unguja asumini zilikuwa kubwa zaidi. Nilipomsikia anatoa kasoro, nikajua amerudi.

Aliingia kwa daktari akiwa amevaa hivyo hivyo. Daktari akatazama pindo, akatazama karatasi zake, akasema uvimbe hauna ubaya wowote. Tutautazama tena baada ya miezi sita, akasema, na sukari ndiyo inayohitaji kuangaliwa, kwa nini imepanda hivi? Mama akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeacha vidonge. Nikasema nitaviangalia. Nikaomba radhi, nikaenda msalani, nikajifungia, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeikalia tangu siku ile ya soko. Nililia na kucheka kwa pamoja, na mtu wa nje akagonga mlango kuniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama. Sijawahi kuwa salama vile.

Tukirudi nyumbani, hatujafika Izki, mama akanyoosha mkono.

"Kikuku changu."

"Umenipa, mama."

"Nilikupa nikiwa nakufa. Lete."

Nikakivua tuliposimama kwenye taa nyekundu, nikampa, na sikuwahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kama ule. Akakivaa, akachukua simu yangu, akampigia mdogo wangu wa Sur, akamwambia mkufu uje na mtu wa kwanza anayekuja Ibra, na uje ndani ya leso ile ile, maana leso ni yake. Nilimsikia mdogo wangu akipiga vigelegele upande wa pili.

Sista aliporudi, mama alimwalika chakula cha mchana, siku ya Ijumaa. Alipika wali wa nazi na samaki, akasema mtu wa Kerala hawezi kukataa nazi, na hapo alikuwa amepata ukweli. Lakini kabla ya siku hiyo alishughulika na jambo jingine. Ule utepe wa dhahabu aliokata aliutafuta, akaunyoosha kwa pasi, akaushona tena mahali pake kwa sindano na uzi wa zari aliotoa kwenye suruali yake ya zamani. Macho yake hayaoni vizuri. Mshono ulikwenda juu na chini, na kila mtu mwenye macho angeuona. Nilimwambia tumpelekee fundi. Akasema fundi hakukata, kwa nini ashone.

Ijumaa akaivaa. Kimoja kiunoni, kimoja kichwani. Sista alipoingia mlangoni akamwona, akaweka mkono mdomoni kwa furaha. Wakakumbatiana. Walipokaa, kidole cha sista kikaenda chenyewe kwenye mshono, kikaufuata mpaka mwisho. Hakuuliza. Nikadhani mama atapata la kusingizia, kuna panya, kuna misumari, kuna mimi. Mama akasema kweli.

"Binti yangu, nilidhani umeniletea sanda." Akalisema neno la Kiarabu, ambalo kila mtu wa hospitali analijua. "Nikaikata dhahabu, nizikwe na kitambaa kitupu."

Sista akamtazama. Sikujua atacheka au ataondoka.

"Ulilia," mama akasema, kama anayejitetea. "Mlango umefunga, umelia. Ungelilia nini, kama si mimi kufa?"

Ndipo sista akatueleza kwa maneno yake machache. Kila mwaka siku ile ikikaribia huagiza nguo hii, na kila mwaka huipeleka nyumbani kwa mama yake. Mwaka ule aliagiza kama kawaida, hakufikiri. Mama yake alikuwa amekufa miezi miwili nyuma. Nguo ikafika, akakaa nayo kabatini, hana wa kumpa.

"Wewe uliniita binti," akasema.

Jikoni wali ulikuwa unapoa na mimi sikuinuka. Mama alimshika sista mkono, akaukalisha juu ya paja lake, juu ya kile kitambaa, na kikuku cha fedha kikateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono wake. Nilingoja aseme la kumfariji, Mungu amrehemu mama yako, au neno kama hilo. Alilisema hilo pia, baadaye. Lakini kwanza alisema jambo jingine, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kelele.

"Basi mwakani niletee yenye pindo pana. Hili limenishinda kushona."

Sista akacheka na machozi yakamtoka, na akasema vizuri, Mama, ataleta.

Zile bafta tatu mama bado anazo, kashani, pamoja na karafuu maiti. Siku yake itafika kama ya kila mtu na hazitupi. Doti ya kwanza inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake na huivaa akisali. Mwaka jana sista alileta ya pili. Pindo lake lina upana wa vidole vinne, na mkasi haujaligusa.